Panya Waumwe Sawasawa

Jumatatu, 2 Septemba. Jinja.

Mvua imeanza na mimi nimeanza. Nimepewa koti jeupe ambalo mikono yake inanifunika vidole, na gambuti za mtu mwenye miguu mikubwa, na kuanzia leo mimi ni mfanyakazi wa chumba cha panya. Kwa majaribio, lakini mfanyakazi.

Daktari Annah, mwenye utafiti huu, aliniuliza habari za utumbo nilijifunzia wapi, maana karatasi zangu zinaishia S.4, kidato cha nne. Nikamwambia, kwa simu, nje ya mlango wa choo, nikimsubiri dada yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini ni kweli. Mitchelle anaumwa mwaka wa sita huu. Kwanza wakasema amiba. Halafu taifodi. Halafu jirani mmoja pale kwetu Nabuyonga, Mbale, akasema kuna mtu ana mkono wake hapo, yaani amerogwa. Mwisho wakamwingiza kamera Kampala, kumbe ni vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa ambao mwili unaupiga vita utumbo wake wenyewe. Yeye akiwa chooni, mimi nje nasoma. Nimesoma sana. Anakaa sana.

Kazi nimeielewa hivi. Kuna unga mweupe, unaitwa DSS. Ukiuchanganya na maji ya panya ya kunywa, siku chache tu utumbo wake mpana unachubuka: anaharisha, anatoa damu, anakonda. Hapo umepata panya mwenye kitu kinachofanana na cha Mitchelle, na unaweza kujaribu juu yake ile dawa anayoitengeneza Daktari Annah. Lakini lazima panya wote waumwe sawasawa. Kama mmoja yuko taabani na mwenzake anacheza, utajuaje dawa ndiyo imemponya, au hakuwa mgonjwa tangu mwanzo?

Kamati inayotulipa, ya Profesa Geresom kule Mbale, imetupa mvua hizi tu. Mwisho wa Novemba tuonyeshe panya wanaoumwa sawasawa. Tukishindwa, chumba kinafungwa na kinakuwa stoo ya viti.

Stoo ya viti. Tutaona.


Jumanne, 3 Septemba

Mkubwa wa chumba ni Afande Romano, Mwacholi wa kaskazini, sajenti mstaafu wa jela. Miaka yake yote amefungulia na kufungia wanaume, sasa anafungulia na kufungia panya, na sidhani ameona tofauti. Kizimba anaita seli. Asubuhi tunahesabu. "Seli nambari moja, watano. Seli nambari mbili, watano." Mimi najibu, "Watano, Afande." Nikijibu polepole tunaanza upya.

Kila seli ina kikombe chake cha kuchotea chakula, kitambaa chake, na mfuko wake wa maranda ya kulalia, na vyote vimeandikwa nambari kwa rangi nyekundu. Leo nilichota chakula cha seli ya tatu kwa kikombe cha seli ya nne.

"Wewe binti, hiyo ni nini?"

"Kikombe, Afande."

"Hiyo ni magendo. Kitu ya seli moja inakaa seli moja. Haivuki."

Nikaosha kikombe mara mbili huku amesimama nyuma yangu. Nadhani sitampenda.


Alhamisi, 5 Septemba

Mvua. Hesabu. Maranda. Watano, Afande.


Jumatatu, 9 Septemba

Tumeanza. Mimi mwenyewe nimepima unga, mimi mwenyewe nimekoroga, Daktari Annah akiangalia kwa jicho moja. Vizimba sita vimepewa maji ya unga, viwili maji matupu ya kulinganisha. Panya wadogo weusi wanakunywa kama watu waliotoka shamba. Nilitaka kuwaomba msamaha nikaona aibu, Afande alikuwa karibu.


Jumatatu, 16 Septemba

Mbaya. Kizimba cha kwanza na cha nne, taabani: manyoya yamesimama, migongo imepinda, damu. Cha pili na cha tano wanapanda kuta. Cha tatu na cha sita wako katikati, kama wanafikiria.

Daktari Annah hakugomba. Angegomba ningeshukuru. Aliangalia mizani, akaangalia chupa, akasema kwa sauti ya chini, "Nangila, ulikoroga mpaka unga ukaisha wote kuyeyuka?"

"Ndiyo, Daktari."

"Chupa zote?"

"Zote."

"Sawa," akasema. Hiyo sawa yake bado naisikia.


Jumanne, 17 Septemba

Nimempigia Mitchelle. Akauliza, "Panya wako vipi? Wananifikia kwa kuhara au bado?"

"Wengine wamekupita. Wengine hawajaanza."

"Basi wale ambao hawajaanza waulize wanakula nini, mniambie na mimi."

Tukacheka. Baada ya kukata simu sikucheka. Nilikoroga vizuri. Najua nilikoroga vizuri. Lakini mtu akishakuuliza mara moja unaanza kuona mkono wako ukikoroga vibaya.


Ijumaa, 20 Septemba

Gordon, dereva wetu, ameleta panya wapya kutoka Mbale, pale wanapozalishwa. Anaendesha gari akiwa amefungulia redio na anaapa panya wanapenda taarabu. Kila boksi ni watoto wa mama mmoja. Afande Romano akawapanga hivyohivyo, kama wale wa kwanza: boksi moja, seli moja. "Ndugu na ndugu hawapigani." Nikaandika nambari, nikafunga. Ni kweli hawakupigana.


Jumanne, 24 Septemba

Tunarudia. Safari hii unga amekoroga Daktari Annah mwenyewe, kwa mikono yake, na mimi nimesimama pembeni kama mshitakiwa.


Jumanne, 1 Oktoba

Vilevile. Vizimba viwili wanakufa, viwili wanacheza, viwili katikati. Na safari hii aliyekoroga ni yeye.

Nimefurahi kwa muda wa kunywa chai moja. Si mimi. Halafu nikamwona amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miwani mkononi, mvua inapiga mabati mpaka husikii mtu, na furaha ikaisha. Kama si mimi, na si yeye, basi hatujui ni nini. Mtu unaweza kumfukuza. Usichokijua utakifukuza vipi?

"Unga umebaki wa kurudia mara moja," akaniambia. "Mwingine unatoka nje, na hautafika kabla ya kamati."

"Mara moja inatosha, Daktari."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Inaonekana," akasema, lakini alitabasamu kidogo.


Alhamisi, 3 Oktoba

Hakuna. Umeme umepotea, umerudi, umepotea. Watano, Afande.


Jumamosi, 5 Oktoba. Mbale.

Nimekuja nyumbani, Daktari amenilazimisha nipumzike. Teksi ilikwama pale Busiu, lori la mahindi limelala katikati ya barabara, nikafika nimelowa mpaka kwenye mfupa.

Nikaomba chai. Nikachukua kikombe cha kwanza nilichokiona, cha bluu, kimetundikwa peke yake kwenye msumari. Mama akanipokonya.

"Hicho cha Mitchelle."

"Si kikombe tu, Mama?"

"Cha Mitchelle kinakaa pake."

Kumbe kikombe chake kiko peke yake, na sahani yake, na beseni lake, na sabuni yake. Tangu yule jirani arudi na kusema ugonjwa pia unaambukiza. Na Mitchelle, huyu mwenye mdomo mkali kuliko wembe, hajawahi kusema neno. Nilimtazama. Akainua mabega. "Mimi ni mtu wa maana, Nangi. Nina vyombo vyangu, kama waziri."

Nikamwambia Mama huu ugonjwa hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa choo, si kwa chochote. Mama akasema, "Wewe unajua panya." Nikataka kujibu vibaya, ila niliangalia ule msumari. Kikombe chake, kitambaa chake, beseni lake. Kitu ya seli moja inakaa seli moja.

Hapo kichwa changu kikasimama.

Sikumaliza chai. Nilichukua karatasi, Mitchelle akanipa penseli zake za rangi, anafundisha nasari. Nikachora vizimba vyote vya mara ya kwanza na ya pili, kila panya nukta moja: mgonjwa sana nyekundu, mzima kijani, wa katikati njano. Na ikatoka wazi kama bendera. Hakuna kizimba chenye nyekundu na kijani pamoja. Hata kimoja. Wakiumwa, wanaumwa wote watano. Wakisalimika, wanasalimika wote watano. Haiendi kwa panya. Inaenda kwa kizimba.

Mitchelle aliangalia begani kwangu. "Kwa hiyo hawa wanashirikiana nini ambacho hawa wengine hawana?"

"Chakula ni kimoja. Maji ni yale yale."

"Vingine?"

"Mavi," nikasema.

"Tunakunywa chai hapa," akasema Mama.

Lakini ndiyo hivyo. Panya wanakula mavi yao. Sikutaka kuiandika humu kwa sababu inachefua, ila kila mtu anayefuga anajua. Wanakula ya kwao na ya wenzao wa kizimba. Na ya vizimba vingine hawapati, maana Afande Romano hajaruhusu hata unyasi mmoja uvuke.


Jumatatu, 7 Oktoba. Jinja.

Nimefika kabla ya geti kufunguliwa. Daktari Annah alivyoingia tu nikamwekea mchoro mezani, nikaongea bila kumeza mate. Akaugeuza. Akaugeuza tena.

"Inawezekana ni damu," akasema. "Boksi moja, mama mmoja."

"Lakini hawa wamezalishwa ndugu kwa ndugu mpaka wote wanafanana kama mapacha. Si ulisema wewe?"

"Nilisema mimi." Akasimama. Sasa alikuwa anaongea haraka kuliko mimi. Ndani ya utumbo, akasema, kuna bakteria wasio na hesabu, wakaaji wa kudumu. Wengine wanalinda ukuta wa utumbo, wengine wakipata pahali palipochubuka wanaingia na kuleta fujo. Kila mama anawapa watoto wake wakaaji wake. Sasa watoto wa mama mmoja wamefungwa pamoja na hawapati kitu cha wengine: vizimba sita vinakuwa nchi sita. Unga ni ule ule, ila unatua kwenye nchi tofauti. "Nimelisoma hili darasani," akasema. "Nikalijibu na kwenye mtihani. Halafu nimeingia kwenye chumba kisafi kuliko vyote nilivyowahi kuona, na nikafurahia usafi."

"Na mimi," nikasema. Ni kweli. Mwezi mzima najisifu kwa vitambaa vyenye nambari.

Suluhisho lake halina ufundi: panya wapya wakifika, kabla ya unga, chukua maranda machafu ya kila kizimba, yachanganye pamoja, rudisha konzi konzi kwa vizimba vyote. Wiki tatu. Wakila mavi ya wenzao watapata wakaaji wamoja, watakuwa nchi moja. Halafu ndiyo unga.

Unga wenyewe ni ule wa mwisho. Tukikosea hatuna mwingine.

"Nani anamwambia Afande?" nikauliza.

Daktari Annah akaanza kufuta miwani.


Jumanne, 8 Oktoba

Afande amekataa. Hakupiga kelele. Alisimama wima na kusema, "Hapana, Daktari. Nitaandika barua ya kuacha kazi."

Mimi nikaingilia, mjinga mimi. "Afande, hawa ni panya. Hii si jela."

Alinigeukia. Halafu akasema, na hili naliandika lote.

"Mwaka moja niko jela fulani, sitasema wapi. Wodi mbili. Wodi ya kwanza iko na kuhara. Tukasema funga, kitu isivuke. Halafu askari moja kijana, mzuri, ana roho, akaona wodi ya pili hawana ndoo ya maji. Akachukua ndoo ya wodi ya kwanza. Ndoo moja tu. Ilikuwa kipindupindu. Mimi ndiye nilihesabu asubuhi. Mimi naita jina, mtu haitiki. Naita ingine, haitiki. Sasa wewe unaniambia nichukue uchafu ya seli hii nipeleke seli hii. Na mkono yangu."

Akaenda nje kusimama kwenye mvua. Mimi mwezi mzima nimekuwa nikimwigiza kwa Mitchelle kwenye simu, "watano, Afande", tunacheka. Leo sijampigia.


Jumatano, 9 Oktoba

Siku ya Uhuru. Afande amekuja na viatu vinavyong'aa na medali moja. Panya wamehesabiwa kama kawaida. Hakuniangalia.


Alhamisi, 10 Oktoba

Daktari Annah ameenda kukaa naye nje, kila mmoja kwenye ndoo yake. Nilikuwa nafagia karibu, nikafagia pahali pamoja sana.

"Afande, ulivyosema ni kweli. Uchafu unabeba ugonjwa. Sitakuambia haubebi."

"Sasa?"

"Sasa hawa hawana ugonjwa bado. Tutachanganya wakiwa wazima, wote wamepimwa. Anayevuka si mgonjwa, ni mkaaji tu. Lakini chumba ni chako. Ukisema hapana, tutafunga, na sitakulaumu."

Mvua ilikuwa nyepesi. Halafu Afande akasema, "Mimi niko na masharti."

Masharti yake: kila panya akaguliwe siku ya kufika, na mwenye dalili yoyote asiingie. Kuchanganya ni wakati wa wiki hizo tatu tu. Siku unga unaingia, sheria ya zamani inarudi, hakuna kitu kuvuka, kwa sababu sasa kuna damu na kuna ugonjwa. Na la mwisho, yeye mwenyewe ndiye atachanganya. "Kama ni makosa, iwe ya kwangu."

Daktari Annah aliandika yote. Baadaye akaniambia, sharti la pili, la kufunga tena siku ya unga, lilikuwa halijamjia yeye mwenyewe.


Jumatatu, 14 Oktoba

Gordon kaleta maboksi. Afande kawakagua mmoja mmoja, masikio, macho, mkia, nyuma. Wawili kawakataa. Gordon akauliza, "Hawa wana kesi gani?" Afande akasema, "Wewe rudisha."


Jumanne, 15 Oktoba

Kuchanganya kwa kwanza. Afande alivaa glovu jozi mbili. Alichukua konzi ya kila kizimba, akaweka kwenye beseni moja kubwa, akasimama juu yake kama mtu anayesali. Nadhani alikuwa anasali. Halafu akakoroga, akagawa, sawasawa, kama mkate.

"Hii tutaita siku ya wageni," akasema. "Jela iko na siku ya wageni. Siku hiyo, kitu inaingia."

Panya walinusa maranda ya wenzao, wakachimba, wakala. Nilimwona mmoja ameshika kipande kwa mikono miwili kama mtu mwenye sambusa. Mungu atusamehe.


Jumatatu, 21 Oktoba

Siku ya wageni. Mvua.


Ijumaa, 25 Oktoba

Siku ya wageni. Leo nimechanganya mimi, Afande kaniruhusu. Anasema mkono wangu si mbaya.


Jumanne, 29 Oktoba

Mitchelle yuko vibaya. Mama kapiga simu asubuhi, dawa zimeisha dukani na amelala sakafuni chooni kwa sababu pale kuna baridi. Nilitaka kwenda. Mitchelle kachukua simu: "Ukija utafanya nini, utanipakata? Kaa na panya wako. Waumwe vizuri." Sauti yake ilikuwa kama karatasi. Nimekaa. Nimefua vitambaa vyote vyenye nambari hata vile safi.


Jumatatu, 4 Novemba

Unga wa mwisho. Tumekoroga watu wawili, mimi na Daktari, mkono kwa mkono, na Afande akisimamia kama harusi. Sheria imerudi: vikombe vyenye nambari, vitambaa vyenye nambari. Siku ya wageni imefungwa.

Mitchelle amekaa kitandani leo na kula wali.


Jumatano, 6 Novemba

Hakuna kitu. Wote wanacheza.


Ijumaa, 8 Novemba

Kizimba cha tatu kimeanza. Cha tatu tu. Vingine hakuna. Daktari Annah hakula mchana. Mimi nilikula chakula chake kwa wasiwasi.


Jumamosi, 9 Novemba

Nimekuja ingawa si siku yangu. Afande alikuwa ameshafika. Tulianza na mizani. Kizimba cha kwanza, wamepungua. Cha pili, wamepungua. Cha tatu, cha nne. Cha tano, wamepungua. Cha sita.

"Cha sita," nikasema.

"Soma."

"Wamepungua, Afande. Wote."

"Wale wa maji matupu?"

"Wazima. Wamenenepa."

Akaomba karatasi. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Halafu akafanya kitu ambacho sikutegemea, akapiga saluti. Sijui alimpigia nani. Mimi, au panya, au wale ambao siku ile hawakuitika.


Jumatatu, 11 Novemba

Damu, kila kizimba. Kuhara, kila kizimba. Uzito umeshuka vizimba vyote sita kama vimeshikana mikono kuteremka ngazi. Nimechora nukta zangu: karatasi nzima ni nyekundu. Daktari Annah aliangalia mchoro, akaenda mlangoni, akarudi, akanikumbatia, koti lake lote linanuka dawa.

Nikampigia Mitchelle. "Wote wanaharisha! Wote, sawasawa!"

Akasema, "Nangi, miaka sita nakaa chooni, wewe ni mtu wa kwanza kushangilia."

Nikaanza kuomba radhi. "Hapana, acha," akasema. "Shangilia tena. Inapendeza."


Jumatano, 13 Novemba

Leo wamelalishwa kwa gesi. Sitaandika mengi. Daktari Annah alifanya taratibu, mmoja mmoja. Tulipima utumbo mpana wa kila mmoja kwa rula: waliokunywa unga, umejikunja mfupi, wote karibu urefu mmoja. Wa maji matupu, mrefu na laini. Ilikuwa namba nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na nililia nikiziandika, na vyote viwili ni kweli.

Afande alihesabu seli tupu. Kila moja. "Hakuna mtu, hakuna mtu."


Jumatano, 27 Novemba. Mbale.

Kesho kamati. Daktari Annah anasema nitaongea mimi sehemu ya vizimba. Nimekataa. Amesema haniombi.


Alhamisi, 28 Novemba

Niandike haraka kabla sijalala.

Ukumbi umejaa makoti ya heshima. Mitchelle kaja, kakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ametoka mara mbili kabla sijaitwa, kila akirudi ananionyesha dole gumba. Mama naye kaja, na kitenge cha kanisani.

Daktari Annah akafungua, akaweka wazi kila kitu, hata kwamba mara mbili tulishindwa. Halafu mimi. Nikaweka michoro mitatu ukutani, ya kwanza na ya pili yenye rangi kama soko, ya tatu nyekundu tupu. Nikaeleza maranda, nikaeleza mavi, watu wakajikohoza. Profesa Geresom, mzee mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akaniacha nimalize. Halafu:

"Binti, nitajuaje si kwamba mmejifunza tu kukoroga vizuri?"

"Mara ya kwanza nilikoroga mimi, ya pili Daktari, na matokeo yakawa mabaya namna ile ile. Ya tatu tulikoroga wote wawili, unga wa mkebe ule ule. Kilichobadilika kabla ya unga ni maranda."

"Au panya wa mara ya tatu walikuwa wa aina moja kwa bahati."

Hapo nilitaka kusema hapana. Nilifungua mdomo. Halafu nikakumbuka ile sawa ya Daktari, na kwamba uhakika wangu peke yake haukumtosha mtu. "Inawezekana, Profesa," nikasema. "Mara moja si nyingi. Ndiyo maana tunaomba turudie Januari, na vizimba vingine tuviache bila kuchanganya, tuone kama vitatawanyika tena, huku wagonjwa, kule wazima. Vikitawanyika, ni maranda. Visipotawanyika, nitakuja hapa kukuambia mwenyewe."

Aliandika kitu. "Na mkikuta ni maranda?"

"Basi dawa ya Daktari Annah inaweza kujaribiwa. Panya akipona tutajua amepona."

"Na mimi nikitaka kurudia jaribio lako hapa Mbale, nifanye nini?"

"Uniletee uchafu wako, Profesa, tuchanganye."

Nilisikia Mitchelle akicheka kule nyuma kabla ya mtu yeyote. Halafu ukumbi wote. Halafu Profesa mwenyewe, na kalamu zake tatu.

Wakatutoa nje. Tukangoja chini ya mabati, Daktari anauma kucha, Mama anauliza kama huwa wanatoa soda. Wakatuita. Chumba kinabaki. Januari turudie kama nilivyosema, na yakitoka sawa, dawa inaanza Machi. Mimi ninabaki, na jina langu linaingia kwenye ripoti, chini ya la Daktari Annah, juu ya la Afande Romano, ambaye alipopigiwa simu alisema tu, "Sawa. Viti wapeleke pengine."

Nyumbani Mama alimimina chai. Akatoa kikombe cha bluu msumarini, akanipa mimi. Mitchelle alipewa cha maua, kile cha wageni. Mitchelle alikishika kwa mikono miwili na kuangalia ndani muda mrefu, kama chai imeandikwa kitu.


Jumapili, 1 Desemba. Jinja.

Mvua zimekatika. Mitchelle amekuja kuona chumba. Nilimwambia atachungulia kwenye kioo tu, Afande haruhusu. Afande akatoka, akamtazama kutoka juu mpaka chini, na koti jipya mkononi, na kofia, na glovu.

"Wewe ndiyo mgonjwa?"

"Mimi ndiyo, Afande."

"Vaa. Leo siku ya wageni."

Akaingia. Panya wapya walikuwa wamefika Ijumaa, weusi, wanene, pua zinacheza. Mitchelle akainama mbele ya kizimba cha pili, nami nikaona ameshika ukingo wa meza, bado hana nguvu sana.

"Kwa hiyo ninyi ndio mtaharisha kwa niaba yangu."

"Siyo leo," Afande Romano akasema. "Leo wako na afya. Kazi ni Januari."

Mitchelle akasogeza uso mpaka kofia ikagusa waya.

"Basi kuleni," akawaambia. "Kuleni vizuri."

Afande akanigeukia. "Binti. Hesabu."

"Watano, Afande."

"Na mgeni?"

"Mmoja."

"Andika," akasema.